FEDHA ZA WAGONJWA WA AKILI ZISITOZWE HONGO NJIANI

Neno hongo sisi watu wa Tabora twalijua tangu zamani. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ulitozwa hongo katika nchi ya Ugogo: nguo, shanga na nyaya. Akilipwa mtawala mmoja, wa pili yu mbele angoja. Mzigo ulifika umepungua.

Siku hizi hongo ni jina la rushwa, na reli imefika Tabora tangu 1912. Lakini ruzuku ya afya ya akili nayo yaweza kupungua njiani, wala asiibe mtu hata senti moja. Semina hotelini, posho za vikao, mafuta ya magari, taarifa nene: kila kimoja kina stakabadhi yake. Mwisho wa njia, mama wa Sikonge aambiwa dawa ya mwanawe imekwisha, akanunue dukani. Hana fedha. Dawa ikikatika, ugonjwa hurudi. Kijana aliyekuwa akilima tumbaku afungwa kamba nyumbani, au apelekwa mbali Dodoma, katika hospitali ya Mirembe iliyofunguliwa 1927.

Kanuni za 2018 ziliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kuzitangaza fedha hizo kwa umma. Sharti hilo ni jema, lakini halitoshi. Tangazo la gazetini Dar es Salaam halimfikii mama yule.

Basi twasema wazi kwamba kila apokeaye ruzuku kwa jina la wagonjwa wetu atimize masharti manne. Kwanza, abandike katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kiasi alichopewa, kazi yake na siku ya mwisho wake. Pili, dawa na mhudumu wa zahanati vitangulie semina. Tatu, mgonjwa aliyepata nafuu na ndugu wa mgonjwa wakae katika kamati, wenye sauti, si wa kupigwa picha. Nne, aeleze tangu mwanzo nani atanunua dawa ruzuku ikiisha.

Watasema masharti yatawafukuza wafadhili. La! Mfadhili mwema hufurahi kuona fedha yake imefika. Wala hatutaki makaratasi zaidi kwa muuguzi aliye peke yake Urambo au Uyui. Ugumu wa masharti uwe kwa mwenye kushika fedha.

Wanachama, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi 3 kwa mujibu wa sheria. Msiende kupiga makofi tu. Simameni muulize: zilitoka ngapi, zimefika ngapi, na dawa ipo? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asipewe fedha tena kwa jina la wagonjwa wetu.