Besi Yetu: Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua wenzangu wengi wataandika juu ya nidhamu na mitihani. Mimi naomba niseme juu ya gitaa la besi, kwa sababu gitaa hilo nusura lile pesa za kina mama wa mtaa wetu bure.

Kanisani kwetu Kawangware tuna besi ya nyuzi 4. Mwaka jana waya zake za ndani zilichomoka, mtu fulani akazirudisha, na tangu siku hiyo ikawa inalia kama kopo la mafuta. Wazee wakasema imezeeka. Wakatangaza harambee ya kununua mpya. Mama yangu, ambaye huuza sukuma wiki, aliahidi shilingi 500. Si mnajua 500 ni mafungu mangapi ya sukuma?

Mjomba wangu anakaa Kibera, upande wa Makina, na hupiga benga kwenye sherehe. Nilipomweleza, aliniuliza, "Ukiifungua pikapu moja peke yake, inalia vipi?" Nikamwambia vizuri tu. "Na ukifungua zote mbili?" Nikasema hapo ndipo inakuwa kopo. Akacheka. "Hizo zinagombana, mjomba. Gitaa halijafa."

Hapa nisieleweke vibaya. Pikapu ninayosema si ile gari inayoleta mboga sokoni. Ni kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwa amplifaya. Ni jambo lile lile aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndilo linalowasha taa ya baiskeli yenye daynamo. Somo lenyewe limewekwa Kidato cha Nne, lakini liko Kawangware kila Jumapili.

Sasa, besi yetu ina pikapu mbili. Waya za moja zikiunganishwa kinyume, moja husukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito hufutana. Kinachobaki ni ule wembamba wa kopo. Mjomba alikuja Jumamosi, akaomba ruhusa kwa wazee, akabadilisha mahali pa waya mbili za pikapu moja akalehemu. Kisha kwa bisibisi akaziinua pikapu kidogo ziwe karibu na nyuzi, lakini si karibu mno, maana sumaku ikikaribia sana huuvuta uzi na sauti hupotoka. Gharama yote ilikuwa nauli ya matatu na chai. Jumapili ile besi ilinguruma hata watoto wakageuka kutazama.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini mimi nilivimba kichwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mizunguko ya waya ikiongezwa, sauti huwa kubwa na nzito zaidi. Bila kumwambia mtu niliifungua pikapu moja ili niongeze. Waya ukakatika mara moja, tena ndani kabisa. Nilimaliza wiki mbili nikikwepa macho ya mzee wa kanisa, na besi ikipigwa kwa pikapu moja. Mwishowe nilikiri. Mjomba alinifanya niizungushe upya kwa mkono, kwa waya tuliotoa katika rilei kuukuu. Kila mizunguko 100 nilichora kistari kimoja kwenye karatasi. Vilipofika vistari 80 vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na ndipo nikaelewa kwa nini mjomba haguswi gitaa lake ovyo.

Tangu siku hiyo nimesikia maoni ya namna mbili. Wazee wanasema vijana wasiguse vyombo. Vijana wenzangu wanasema cha zamani kitupwe, kinunuliwe kipya. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Kwa wazee nasema hivi: kosa langu halikuwa kufungua gitaa. Kosa langu lilikuwa kufungua chombo kisicho changu, bila ruhusa na bila kujua. Mjomba alifungua chombo kile kile, akaokoa harambee nzima.

Kwa vijana nasema: hata wenye viwanda hawakuridhika na walichokitengeneza mara ya kwanza. Leo Fender wa Marekani alitoa besi yake ya umeme mwaka 1951 ikiwa na pikapu moja. Mwaka 1957 pikapu hiyo ikabadilishwa, ikagawanywa vipande viwili, kila kimoja kikilinda nyuzi mbili, vikaunganishwa kwa njia inayozima mvumo wa umeme. Mwaka 1960 ikaja besi nyingine yenye pikapu mbili, moja karibu na shingo kwa sauti nzito, nyingine karibu na daraja kwa sauti kali. Kama mwenyewe alirekebisha, sisi ni nani tusirekebishe?

Wako pia wapenzi wa benga wanaosema ukibadilisha pikapu unaharibu asili. Nawaheshimu. Lakini benga yenyewe ilizaliwa pale vijana wa Ziwa Victoria walipochukua mapigo ya nyatiti wakayatia kwenye gitaa. Na nyatiti yenyewe, ambayo nyuzi zake 8 zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, leo wengi huifunga nailoni. Asili haikufa kwa hilo. D. O. Misiani na Shirati Jazz walipiga gitaa za umeme zilizotoka mbali, na bado mtu akizisikia anajua ni nyumbani.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuchangisha pesa, chombo kifunguliwe na anayejua. Pili, anayefungua achore kwanza kila waya ulipo, na sehemu za zamani asizitupe, ili kurudi nyuma kuwezekane. Tatu, mwenye chombo aombwe ruhusa, hata kama kimelala mwaka mzima.

Ya tatu ndiyo inayonifanya niandike. Katika stoo ya shule yetu kuna gitaa la besi lenye karatasi iliyoandikwa "Bovu". Nimelitazama kwa nje tu, sijaligusa, nimejifunza. Nawaomba walimu wa fizikia na wa muziki waturuhusu tulifungue Ijumaa moja baada ya masomo, nao wakiwa wamesimama hapo. Likiwa limekufa kweli, tutakuwa tumesoma. Likiwa zima, karatasi hiyo itolewe.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mama yangu bado ana shilingi zake 500.