KIONGOZI NI WA KUULIZWA HESABU

Ndugu Wafanyakazi,

Huenda mtauliza sisi watu wa reli tuna habari gani na Pate, kisiwa ambacho hakina hata hatua moja ya reli. Habari ni hii. Mwenzetu mmoja katika gengi letu kwao ni Pate. Alipofiwa na shangazi yake, baadhi yetu tulifuatana naye kwenda kuhani. Tulipanda boti Mokowe, tukangoja maji yajae ndipo tukapita Mkanda, tukashuka Mtangawanda, tukaingia mjini Pate jua linatua.

Tuliambiwa kuwa yule mama aliugua usiku. Zahanati aliyopelekwa haikuwa na dawa, na boti haikuweza kuondoka kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Kulipokucha alikuwa amekwisha fariki.

Usiku ule tuliketi barazani pamoja na wazee, na mazungumzo yakageuka kuwa ya siasa. Mzee mmoja alimsifu Bwana Issa Timamy, gavana wa kwanza wa Lamu, aliyechaguliwa mwaka 2013. Mwingine alimsifu Bwana Fahim Twaha, aliyemshinda mwaka 2017. Wa kwanza akajibu kwamba Bwana Timamy alirudi katika kiti mwaka 2022, basi wananchi wamekwisha amua. Wakapandishiana sauti: huyu ni wetu, yule si wetu, ukoo fulani umepata, ukoo fulani umenyimwa. Wazee wawili waliokua pamoja walikaribia kuacha kusemezana.

Ndipo mwenzetu aliposema, "Wazee wangu, niwieni radhi. Kiti hiki kimebadilishwa mara mbili. Je, katika makisio ya fedha ya mwaka huu, dawa za kisiwa hiki zimetengewa shilingi ngapi?"

Baraza likanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwanangu, hayo ni mambo ya wakubwa."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Dawa ya shangazi yake haikuwa mambo ya wakubwa. Ilikuwa mambo yake yeye, na ya kila mtu aliyeketi pale.

Hatuandiki ili kumpigia debe gavana wa sasa wala aliyepita. Twasema kwamba kubishana juu ya majina ni kazi rahisi, na kiongozi mzembe huipenda sana, maana wakati watu wanagombana juu ya jina lake hakuna anayemwuliza juu ya kazi yake. Katika reli hatumwulizi dereva ni mtoto wa nani. Twauliza kama gari limefika salama na kwa saa yake. Likichelewa, dereva huandika sababu.

Kwanza yafaa tujue nani anaulizwa nini. Kwa Katiba ya mwaka 2010, zahanati na hospitali za kaunti, maji, vivuko na magati ni kazi ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi, na ile bandari kubwa ya Lamu ni kazi ya Serikali ya Nairobi. Basi mwenye kulalamika juu ya dawa akamwendee gavana na mwakilishi wa wadi. Mwenye kulalamika juu ya walimu akamwendee mbunge wa Lamu Mashariki, apeleke neno Nairobi. Tukichanganya, kila mmoja atamsingizia mwenziwe nasi tutabaki katikati.

Pili, tujue wakati wa kuuliza. Makisio ya kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mwenye kungoja hadi Agosti ya uchaguzi amekwisha chelewa. Tena sheria ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya Serikali, na ofisi ipaswa kujibu katika siku 21. Karatasi moja na kalamu vyatosha.

Wengine watasema viongozi nao wana taabu zao: fedha kutoka Nairobi hukawia, na Lamu ina watu wachache, 143,920 tu katika hesabu ya mwaka 2019. Ni kweli. Lakini kama fedha zimekawia, kiongozi na asimame mbele ya watu, karatasi mkononi, aseme hivyo. Katibu na mweka hazina wa chama chetu husimama mbele yetu kila mwaka, nasi huwauliza mpaka jasho likawatoka. Wala hatuwachukii kwa hayo.

Watu wa kisiwa hiki si waoga. Katika miaka ya 1840 watu wa Siyu walimkatalia Sayyid Said pamoja na majeshi yake. Na jirani zao wa leo wametuonyesha njia. Wavuvi wa Lamu walipoona bandari mpya yaharibu mahali pao pa kuvulia, walijiunga, wakajiandikisha, wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Ijapokuwa kutoka hukumu hadi malipo ni safari nyingine ndefu, neno lao lilisikiwa, maana walisema kwa sauti moja na kwa karatasi.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Twawaomba wenzetu wote, wa Pate na wa kwingineko, mkirudi nyumbani likizo msipeleke sukari na unga tu. Pelekeni swali moja barazani: mwaka huu tumetengewa nini, na kimefika wapi? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi tupunguze sifa, tuulize hesabu.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa gengi la njia