Nanga ya Mashua Ndogo: Jiwe Halitoshi

Juma lililopita ukurasa huu ulieleza namna ya kuzitunza nyavu zisiharibiwe na jua. Juma hili zamu imekifikia kifaa ambacho katika hesabu ya mashua huandikwa mwisho kuliko vyote, na mara nyingine hakiandikwi kabisa, nacho ni nanga.

Zipo familia za askari na polisi, walio kazini na waliokwisha kustaafu, ambazo zimeweka akiba yao katika mashua ya uvuvi huko Kasenyi, Katosi, Masese au katika Visiwa vya Ssese. Kabla ya chombo kushuliwa, mume na mke huketi wakahesabu mbao, misumari, injini, nyavu, petroli na posho ya mabaria. Fedha huisha, na nanga bado haijatajwa. Basi siku ya kwanza ya kazi kijana mmoja huokota jiwe ufukoni, hulitia katika gunia, hulifunga kwa kipande cha kamba kilichobaki, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Kwa siku nyingi jiwe hilo halimwaibishi mtu, kwa kuwa ziwa limetulia.

Lakini Ziwa Viktoria lina tabia yake. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji, na hapo ndipo mawingu ya radi hujijenga. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hilo huzuka kati ya usiku wa manane na alfajiri, yaani saa zile zile ambazo wavuvi wa sangara na wa mukene wamo kazini. Injini ikizimika wakati huo, ama kwa kukosa petroli, ama kwa wavu kujiviringisha katika rafadha, mashua haina breki. Husukumwa juu ya miamba ya kisiwa, au huchukuliwa kuelekea katikati ya ziwa pamoja na watu waliomo. Karibu na pwani, ambako kina cha maji si kikubwa, nanga peke yake ndiyo inayoweza kuizuia.

Chukua mfano wa sajini mstaafu anayekabidhi mashua yake ya futi 28 kwa baria kijana.

"Afande," kijana anamwambia, "jiwe la kilo 20 linatosha. Lisipotosha, tutaongeza la pili."

"Mwanangu," mzee anamjibu, "hema la jeshi husimama kwa uzito wa vigingi vyake, au kwa namna vilivyopigwa ardhini?"

"Kwa namna vilivyopigwa, Afande."

Kijana amejibu vema kuliko alivyodhani. Nanga haizuii chombo kwa uzito, bali kwa kuuma ardhi iliyo chini ya maji. Uzito huisaidia kufika chini na kuanza kuuma. Baada ya hapo kazi hufanywa na makucha. Tena jiwe limepungukiwa hata katika uzito wenyewe, kwa kuwa kila kitu kilichozama huchukuliwa kwa sehemu na maji. Jiwe la kilo 20 likiwa ndani ya maji huvuta kama kilo 12 na nusu tu. Ndoo iliyojazwa zege ya uzito huo huo haifiki hata kilo 12. Chuma cha kilo 20 hubaki na zaidi ya kilo 17. Na upepo hauongezeki kwa ukarimu: kasi yake ikiwa maradufu, nguvu yake ya kuisukuma mashua huwa mara nne. Mawe mawili hayawezi kushindana na hesabu ya namna hiyo. Yatakokotwa tu, mashua ikienda na mawe yake.

Nanga ya kununua hutegemea ardhi ya mahali pa kuvulia. Ndani ya ghuba zenye mafunjo chini ni tope laini. Mbele ya fukwe ni mchanga. Penye rasi na kandokando ya visiwa ni mawe. Mabaharia wa zamani waliijua ardhi kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba, chenye shimo chini lililotiwa mafuta magumu ili mchanga au tope vinate. Mvuvi wa leo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa chuma chochote kizito na kipande cha sabuni. Kamba ile ile humpa kina cha maji pamoja na habari ya ardhi, na gharama yake haizidi bei ya sabuni.

Penye mawe nanga ifaayo ni ile ya makucha manne, ambayo mafundi wa kuchomelea huitengeneza kwa nondo katika karakana za miji ya ufukoni. Ni nanga ya bei nafuu nayo hunasa upesi. Penye tope haifai sana, kwa sababu kucha zake ni nyembamba na hupita katika tope kama uma katika uji. Anayeiagiza hana budi kuikagua kabla ya kulipa. Nondo nyembamba hunyooka inapovutwa kwa nguvu; na ingawa wengine husifu jambo hilo, wakisema nanga haipotei katika mawe, yafaa wakumbuke kwamba nanga inayonyooka kwa urahisi itanyooka pia usiku wa dhoruba. Nondo na ziwe nene, na mahali zilipounganishwa pachomelewe kuzunguka pande zote, si kwa nukta mbili tatu. Nanga ipigwe nyundo mbele ya fundi. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Penye mchanga na tope ifaayo ni nanga yenye mabapa mawili mapana yanayocheza juu na chini. Askari watapenda kujua asili yake: iliyojulikana zaidi ilibuniwa na Mmarekani Richard Danforth, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilifungwa katika vyombo vya kuteremshia majeshi ufukoni. Chombo kilipokaribia pwani kiliiangusha nanga nyuma yake, kikaenda kikapanda mchangani, kikateremsha watu na magari, kisha kikajivuta kwa kamba ya nanga hiyo hiyo kurudi majini. Kwa mashua ya futi 28 nanga ya aina hii yenye kilo 8 hivi, ikiwa imetengenezwa vizuri, hushika mchangani kuliko nanga ya makucha manne yenye kilo 15. Ipo pia ile yenye umbo la jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambayo Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor aliibuni mwaka 1933. Ni nzuri, lakini bei yake si ya mvuvi mdogo.

Kama fedha zinatosha nanga moja tu, na mashua huzunguka huku na huku, yafaa kuchukua ya makucha manne iliyo nzito, kilo 12 hadi 15, na zile zilizobaki zitumike katika kamba. Neno hili wengi hawalipendi, maana kamba haina fahari. Hata hivyo mashua nyingi hupoteza mshiko kwa ufupi wa kamba kuliko kwa ubaya wa nanga. Kamba ikiwa fupi huivuta nanga kwenda juu, yaani huing'oa, kama mtu avutavyo muhogo. Kamba ikiwa ndefu huivuta kwa ulalo, nayo huzidi kuzama ardhini kadiri inavyovutwa.

Kipimo kilichokubaliwa na mabaharia ni hiki: kamba iwe mara 5 ya kina wakati wa utulivu, na mara 7 au zaidi kukiwa na upepo. Kina huhesabiwa kutoka omo ya mashua, si kutoka usawa wa maji. Basi ikiwa maji ni mita 6 na omo imeinuka mita 1, jumla ni mita 7. Zidisha mara 7, utapata mita 49. Asiye na futi ya chuma ahesabu kwa pima, mikono ikiwa imenyoshwa: kina hicho ni kama pima 4, na kamba ni pima 28. Ni heri kuifunga alama ya kitambaa kila pima 5, ili gizani mkono uhesabu badala ya macho.

Kati ya kamba na nanga pawekwe mnyororo, urefu wake mita 4 au 5, na ukipata urefu wa mashua nzima ni bora zaidi. Mnyororo hulala chini, hukilaza kipini cha nanga, na hauliwi na mawe kama kamba inavyoliwa. Kamba ya nailoni ya unene wa milimita 12 ndiyo ifaayo, kwa kuwa hunyumbuka na kupunguza mshtuko wa mawimbi. Ile ya plastiki yenye rangi ya samawati au kijani, iliyojaa madukani, huelea juu ya maji ikakatwa na rafadha za wapitao, na jua huidhoofisha upesi. Katani huoza. Waswahili husema kamba hukatikia pembamba. Kwa hiyo fundo na kiungo cha chuma vikaguliwe pia, na parafujo ya kiungo ifungwe kwa waya isijifungue yenyewe.

Kutia nanga kwenyewe hakuhitaji nguvu, kunahitaji subira. Kosa la kwanza ni kuitupa kwa mbwembwe, mnyororo na kamba zikaanguka juu yake katika chungu moja na kuyafunga makucha. Mashua ielekezwe upepo unakotoka, isimame kabisa. Inapoanza kurudi nyuma ndipo nanga iteremshwe polepole mpaka iguse chini. Kamba iachiwe kadiri mashua inavyorudi. Ikifika nusu ya urefu uliokusudiwa, ishikwe kidogo ili makucha yaume, kisha iachiwe iliyobaki na kufungwa. Injini irudishwe nyuma taratibu kwa muda mfupi. Kiganja kikiwekwa juu ya kamba, kamba iliyokaza na kutulia huonyesha kwamba nanga imeshika. Ikitetemeka kwa mikwaruzo, nanga inakokotwa. Kisha nahodha atafute vitu viwili nchi kavu vinavyolingana, mathalan mti mbele ya paa la nyumba. Mti ukihama kutoka kwenye paa, na mashua haijageuka, basi inakwenda. Dawa ya kwanza ni kuongeza kamba. Isiposaidia, nanga ivutwe na kutiwa upya, kwa maana nanga iliyong'oka mara nyingi huwa imebeba tope au majani na haitashika tena kwa kuombwa.

Linabaki jambo lililo kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na kila baria ayaambiwe maneno haya kabla ya kukabidhiwa mashua. Kamba ya nanga ifungwe omo, isifungwe tezi kamwe. Tezi ya mashua yenye injini ni fupi, imebeba uzito wa injini na wa mtu anayeiendesha, na ubao wake uko karibu na maji. Nanga ikishika kutoka huko, mawimbi huijia mashua mahali ilipo dhaifu. Wimbi la kwanza humwaga maji ndani, tezi hushuka, wimbi la pili halipandi tena bali huingia. Mashua hujaa kabla watu hawajapata kisu. Omo ilichongwa kwa ajili ya kuyapasua mawimbi, nayo ndiyo ipewe kazi hiyo. Wapo wanaofunga tezi kwa sababu ndipo wanapoketi na hawataki kuwaruka wenzao wakiwa usingizini. Na wawaruke.

Katika maji ya kina kirefu, na ziwa hilo hufikia mita 80 hivi, nanga haitafika kitu. Hapo hutumika nanga ya majini: turubai lililofungwa pembe zake, au ndoo mbili imara, huteremshwa kutoka omo kwa kamba ndefu. Haisimamishi mashua, ila huipunguzia mwendo na kuielekeza mbele ya mawimbi. Kufunga mashua kwenye nyavu na kulala, kama baadhi wafanyavyo, kunafaa kwa upepo mdogo tu. Na popote inapolala, mashua iwashe taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Wakati wa kung'oa, mashua ivutwe kwa kamba mpaka isimame juu ya nanga, ndipo kamba ifungwe kwa ufupi na mawimbi yaachwe kuinua. Penye mawe, au penye visiki vya fukwe zilizofunikwa maji yalipopanda sana mwaka 2020, iko hila njema: mnyororo hufungwa chini penye makucha, kisha hushikizwa kwa uzi mwembamba kwenye pete ya juu. Nanga ikinasa, mvuto wa wima huukata uzi, nayo hutoka kinyumenyume. Hila hiyo ni ya mchana na hali ya utulivu, si ya kulalia.

Nyumbani kamba ya nanga ikunjwe katika beseni, mbali na jua na panya. Isiwe ya kuanikia nguo wala ya kumfungia mbuzi, hata kwa siku moja, maana siku hiyo hiyo itasahauliwa uani na mashua itaondoka bila yake.

Juma lijalo: taa za mashua na utunzaji wa betri zake.