Moto wa Mwezi wa Sita Hauna Wapiga Picha

Kila ifikapo Septemba anga la Tabora hubadilika rangi. Jua huzama jekundu nyuma ya moshi wa Urambo na Kaliua, majivu ya nyasi hudondokea nguo zilizoanikwa, na redio hurudia wimbo wa kila mwaka: wananchi wanaonywa, warina asali wanalaumiwa, kiongozi fulani anaagiza waliochoma msitu wasakwe. Ukiuliza dawa ni nini, jibu liko tayari. Moto porini ni uharibifu, anayeuwasha ni mhalifu, na tunachokosa ni vifaa vya kuuzima, yaani magari, pampu, ikiwezekana na ndege.

Imani hiyo inasikika kama busara. Kwenye misitu ya miombo, kama hii ya Tabora, ni kosa, tena kosa la gharama.

Miti yenyewe inaikanusha. Mninga, ambao seremala wa Tabora anautambua kwa harufu kabla hajaugusa, huanza maisha yake kwa kufa. Kiangazi kinapokuja mche hunyauka au huungua hadi usawa wa ardhi, masika ukachipua tena, na mambo huenda hivyo kwa miaka mingi huku mzizi ukinenepa chini kimyakimya. Siku mzizi ukipata nguvu, shina huchomoka kwa kasi na kupita ndimi za moto, na baada ya hapo gome nene hulinda kilichomo ndani. Mti wa namna hiyo haukuumbwa kwa ajili ya nchi isiyoungua.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1933, huko Ndola katika Zambia ya leo, mabwana misitu walitenga viwanja vya miombo. Vingine vilichomwa mwanzoni mwa kiangazi, vingine mwishoni, vingine vikalindwa visiguswe kabisa na moto. Colin Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti ilikuwa imeporomoka na nyasi zimetawala. Palipochomwa mapema msitu uliendelea kusimama na kuzaa. Palipolindwa msitu ulisongamana na kuanza kubadilika kuwa wa aina nyingine.

Mtetezi wa kuzima moto atakimbilia viwanja vile vilivyolindwa. Aende navyo taratibu. Vilikuwa vipande vidogo, vimezungushiwa njia za kukinga moto na kuangaliwa mwaka hadi mwaka. Nani atalizungushia pori zima la Ugalla? Na msitu uliokaa miaka minne bila kuungua haujaokoka na moto. Umelimbikiza nyasi na majani makavu ya miaka minne, unasubiri mtu mmoja atupe kipisi cha sigara.

Wala si kweli kwamba moto wa kiangazi kikali ni ujinga wa wanakijiji. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni yenyewe iliupanga. Charles Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o kutoka Shinyanga, alishirikiana na watemi kuwazuia watu wasichome nyasi mapema, ili zikauke sawasawa, kisha maelfu wakaitwa kuzichoma kwa pamoja mwishoni ili vichaka vya mbung'o viteketee. Upande wa magharibi, watu walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kukusanywa sehemu moja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mashamba yao yakarudi kuwa pori, na wale waliokuwa wakichoma kidogokidogo kuzunguka nyumba na njia zao hawakuwapo tena. Karne moja baadaye lawama anabebeshwa mrina asali.

Mrina asali! Wapo wazembe, wanaoshuka mtini na kutupa kienge kikiwa bado kinafuka. Lakini katika mkoa mzima hakuna anayepoteza zaidi yake. Miombo mingi huchanua kati ya Septemba na Novemba, kabla ya mvua kutulia. Moto wa Oktoba ukipita unakwenda na maua, mizinga ya magome na nyuki wenyewe. Anayejua kazi hii husafisha nyasi chini ya mti wenye mzinga mapema, naye akionekana na kiberiti mwezi wa Sita huhesabiwa mhalifu sawa na yule wa Oktoba.

Kiangazi kikifikia kilele, moto kichaa hauchezewi. Nyasi zimesimama kavu kupita kichwa cha mtu, upepo wa mashariki unavuma mchana kutwa, na tawi bichi alilokata mzimaji linanyauka mkononi mwake kwa joto. Mgeni wa kazi hulipiga tawi kwa nguvu zote, cheche zikapaa na kuwasha nyuma yake. Mzoefu hugandamiza na kuburuta kuelekea upande uliokwishaungua. Hata akishinda, magogo yaliyooza hufuka kwa siku kadhaa, na mchana wa tatu upepo hurudi kuyachochea. Gari la zimamoto lililotengenezwa kwa nyumba na lami halifiki huko, na likifika litachota maji mto gani mwezi wa Kumi?

Mwezi wa Sita kazi haina ushujaa wowote. Kipupwe kimeingia, nyasi za sehemu za juu zimekauka nusu, za mbugani bado mbichi. Saa kumi jioni mtu mmoja huwasha kienge cha nyasi na kukiburuta kando ya njia, wawili humfuata na matawi, wa nne hubaki nyuma na jembe. Moto hutambaa chini ya magoti. Ukikuta mbuga mbichi hufa, usipoikuta umande wa usiku huumaliza. Kunapokucha pori limebaki viraka, huku peusi, kule pa kijani, na moto mkubwa wa Oktoba ukifika kwenye viraka hivyo haukuti cha kula.

Wamarekani wameshalipia somo hili. Baada ya moto wa Agosti 1910 uliofyeka misitu ya Idaho na Montana na kuua watu zaidi ya 80, Huduma ya Misitu yao iliapa kuzima kila moto. Mwaka 1935 ikaweka amri kwamba moto wowote uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya kesho yake. Misitu ikalimbikiza kuni, na kufikia mwaka 1978 sera hiyo ikawa imeachwa. Leo nchi hiyo hukodi vikosi vya watu binafsi, pikapu yenye tangi na watu wawili au watatu, wanaolala kambini siku 14 mfululizo ndipo wapumzike. Anayedhani kazi yao ni kumwaga maji hajawahi kuona tangi la lita elfu moja na ushee likiisha. Siku nyingi huchimba, hufyeka, na huingiza mgongo wa mkono mtupu kwenye majivu kutafuta joto lililojificha. Na mara nyingine huwasha moto wenyewe, makusudi, mbele ya ule unaokuja.

Ukweli usemwe: ipo misitu ambayo imani ya kuzima inaifaa. Paina za shamba la miti la Sao Hill si miombo, wala mimea ya juu Kilimanjaro. Mlima ulipoungua Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kuukabili, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na nchi nzima iliwashangilia kwa haki. Ubaya ni picha za tukio hilo kugeuzwa kipimo cha kila pori. Zimetufundisha kwamba moto ni dharura, dharura hujibiwa na wanaojitolea, na anayejitolea hulipwa makofi.

Hapo ndipo watu wa Tabora wangepaswa kubisha kwa nguvu, kwa sababu kazi ya msimu kwa mkataba wanaijua tangu enzi za misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa aliyeswagwa kati ya Bagamoyo, Unyanyembe ya Tabora na Ujiji. Alikuwa mfanyakazi. Alitoka baada ya mavuno, alipatana ujira wa kitambaa cha merikani na posho ya njiani, alikuwa na kirangozi wake wa kuongoza msafara, na posho ikipunjwa aliweka mzigo chini. Afrika Kusini walianzisha mpango wa Working on Fire mwaka 2003 kwa mantiki hiyo hiyo. Vijana wasio na ajira hupewa mafunzo, sare ya njano na mshahara, wakazima moto na pia kuchoma kwa mpango. Mwaka 2016 takribani 300 kati yao walipelekwa kusaidia Kanada, wakagoma kuhusu malipo na kurudishwa nyumbani kabla ya muda. Wapagazi wangewaelewa.

Pesa za kazi hiyo zipo, ila huenda kwingine. Kaskazini mwa Australia, katika Arnhem Land, walinzi wa kienyeji walianza mwaka 2006 kulipwa na kiwanda cha gesi cha Darwin kwa kuchoma mapema, kwa kuwa moto wa mapema hutoa hewa chafu kidogo kuliko ule wa kiangazi kikali. Huku kwetu, vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi tayari vinapata mapato ya hewa ukaa ya milima ya Ntakata, na sehemu yake huwalipa walinzi wa misitu wa vijiji. Kilwa, vijiji vinavyofanya kazi na shirika la uhifadhi la MCDI vimeingiza kuchoma mapema katika usimamizi wa misitu yao.

Tabora kikwazo kingine ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Fungu jipya la kudhibiti moto, hata lingetoka siku hiyohiyo, hukuta nafasi ya kuchoma mapema inayoyoma, na Mei na Juni ni miezi ya halmashauri kufunga vitabu. Kwa hiyo mkataba wa kikosi cha kuchoma mapema cha Sikonge au Urambo inabidi usainiwe kabla ya Aprili kwa fedha za mwaka unaoishia, posho ikiwa imetengwa, orodha ya maeneo yatakayochomwa ikiwa ukutani katika ofisi ya kijiji, na nafasi za kwanza wakipewa warina asali, wanaojua mzinga uko mti gani.