Kodi ya Nyumba Inayolipwa Kwenye Kituo cha Mafuta



Katika jangwa la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, upo mji mdogo uitwao Quartzsite. Wakati wa kiangazi joto lake hupindukia nyuzi 40, na wenyeji waliobaki hujifungia ndani. Majira ya baridi yanapoingia, maelfu ya magari huteremka huko kutoka majimbo yenye theluji, yakapiga kambi jangwani kwa miezi kadhaa. Miongoni mwa wanaoteremka wamo wanawake wa miaka 60, 70 na zaidi, kila mmoja peke yake katika gari lake la vani. Wapo walioacha nyumba zao zimefungwa, wanaokwepa baridi tu. Wapo pia ambao gari hilo ndilo nyumba yao pekee: kitanda kiko nyuma ya kiti cha dereva, jiko la gesi liko kando ya mlango, na paneli ya umeme wa jua iko juu ya paa. Juma hili tuwazungumzie hao wa kundi la pili.

Mwandishi wa habari Jessica Bruder aliwafuatilia watu wa aina hii kwa miaka kadhaa, akaandika kitabu kiitwacho Nomadland kilichotoka mwaka 2017. Filamu iliyotokana nacho, iliyoongozwa na Chloé Zhao, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Katika kitabu hicho anasimuliwa Linda May, bibi mwenye wajukuu, aliyefanya kazi za kila namna maishani mwake na bado akaufikia uzee bila ya uwezo wa kulipa kodi ya nyumba. Aliwahi kuishi pamoja na familia ya binti yake, mahali palipobanana. Baadaye akahamia katika trela dogo, akawa anatunza kambi za wageni msimu wa kiangazi, kisha anafanya kazi ya ghala katika kampuni ya Amazon kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2008 kuwaajiri kwa msimu watu wanaoishi katika magari, na wengi wao walikuwa wazee.

Msomaji atauliza: inakuwaje nchi tajiri kiasi kile mwanamke azeekee ndani ya gari? Jawabu lina sehemu nyingi, lakini moja iko wazi kimahesabu. Mafao ya uzeeni ya Marekani, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, hukokotolewa kwa kuangalia miaka 35 ambayo mtu alipata ujira mkubwa zaidi. Aliyefanya kazi ya mshahara kwa miaka 20 tu, miaka 15 iliyobaki huandikwa sifuri. Mwanamke aliyelea watoto watatu, akamuuguza mama mkwe na kuiweka nyumba sawa, mbele ya hesabu hiyo amefanya kazi ya sifuri. Akiwa ameachika, anaweza kudai sehemu kwa rekodi ya mume wake wa zamani, lakini kwa sharti kwamba ndoa ilidumu angalau miaka 10. Iliyovunjika katika mwaka wa tisa haimpi kitu. Tena akilazimika kuanza kuchukua mafao akiwa na miaka 62 kwa kuwa kazi imekatika, aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupunguziwa asilimia 30 ya kile ambacho angekipata akiwa na miaka 67, na upungufu huo huandamana naye hadi mwisho wa uhai wake. Ongeza juu yake msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, ambapo watu wengi walipoteza nyumba na akiba kwa pamoja, na picha inaanza kukamilika.

Basi mwanamke huyo anapoacha nyumba ya kupanga na kuhamia katika gari, kodi haijaondoka. Imehamia kwenye kituo cha mafuta.

Tulitazame jambo hili kwa tarakimu. Chukua vani linalokwenda kilomita 6 kwa lita moja, na safari ya kilomita 1,200 kutoka jimbo moja hadi jingine. Zinahitajika lita 200, yaani karibu galoni 53 za Kimarekani, kwa kuwa galoni moja ya huko ni lita 3.785. Petroli ikiuzwa dola 3.50 kwa galoni, safari hiyo inagharimu takriban dola 185. Mwezi Juni mwaka 2022 wastani wa bei nchini humo ulivuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza. Kwa bei ya dola 5, safari ile ile inakuwa takriban dola 264. Kwa mwenye pato la dola 1,000 kwa mwezi, zaidi ya robo ya riziki yake imeteketea barabarani kabla hajanunua mkate wala dawa ya shinikizo la damu.

Ndiyo maana wanawake hawa wamejifunza elimu ya mafuta ambayo madereva wengi hawana. Fungu la kwanza la elimu hiyo ni kutulia. Serikali ya Marekani inamiliki ardhi kubwa sana katika majimbo ya magharibi, na katika sehemu nyingi za ardhi hiyo mtu anaruhusiwa kupiga kambi bure kwa siku 14 katika kila siku 28, kisha asogee mbali kidogo. Karibu na Quartzsite kuna maeneo maalumu ambayo mtu hulipia kibali cha kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, na ada yake kwa miaka mingi ilikuwa dola 180. Linganisha: miezi saba ya mahali pa kukaa kwa gharama ambayo haikufika ile ya safari moja ya kilomita 1,200.

Fungu la pili ni kupanda badala ya kukimbia. Joto linapozidi, asiyejua huendesha siku tatu kuelekea kaskazini. Anayejua huendesha saa chache tu hadi nyanda za juu za Flagstaff, katika jimbo hilo hilo la Arizona, penye mwinuko wa takriban mita 2,100. Hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, basi mlima humfanyia kazi ambayo vinginevyo angeilipia kwa mamia ya kilomita.

Fungu la tatu ni mwendo wenyewe. Gari lenye umbo la sanduku husukumana sana na upepo, na kadiri mwendo unavyozidi kilomita 80 kwa saa ndivyo ulaji wa mafuta unavyopanda kwa haraka. Matairi hujazwa upepo wa kutosha, mizigo isiyo ya lazima huteremshwa, na safari za mjini hukusanywa katika siku moja: maji, nguo za kufua, barua, sokoni, na duka la dawa. Injini haiachwi ikinguruma gari limesimama, kwa kuwa inaweza kula kati ya robo na nusu galoni kwa saa moja bila ya kusogea hata hatua. Kuiacha ikiwaka usiku ili kupata joto ni hatari zaidi, maana gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi inaweza kumuua aliyelala. Kadhalika huangalia mipaka ya majimbo. Petroli ya California kwa kawaida ni ghali kuliko ya Arizona, kwa hiyo mwenye busara hujaza tanki kabla ya kuvuka mto Colorado.

Elimu hii hufundishwa na wao kwa wao. Bob Wells, aliyehamia katika gari mwaka 1995 baada ya ndoa yake kuvunjika, alianzisha karibu na Quartzsite mkusanyiko wa kila mwaka uitwao Rubber Tramp Rendezvous, ambapo wageni hufundishwa kila kitu, kuanzia betri hadi choo. Wanawake nao wamekuwa na mkusanyiko wao, kwa kuwa yapo maswali ambayo mwanamke wa miaka 68 anayelala peke yake hawezi kuyauliza mbele ya kila mtu.

Na hapa tunafika penye uzito wa jambo lenyewe. Kwa mwanamke mzee, mafuta ni zaidi ya gharama, ni usalama wake. Mlango ukigongwa saa nane za usiku, iwe ni askari au ni mtu asiyejulikana, kinga aliyonayo ni kuwasha gari na kuondoka. Tanki likiwa tupu, kinga hiyo haipo. Kwa hiyo analazimika kutimiza mambo mawili yanayopingana: asitembee ili asitumie mafuta, na awe tayari kutembea wakati wowote. Mwezi Juni mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka mji wa Grants Pass jimboni Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje katika maeneo ya umma. Anayelala mjini ili awe karibu na daktari wake ana sababu zaidi ya kuuogopa ule mgongo wa mlango.

Watu huyasoma maisha haya kwa namna mbili, na zote mbili hazitoshi. Wapo wanaoyasifu kuwa ni uhuru mtupu: hakuna mwenye nyumba, hakuna jirani mkorofi, na kila asubuhi dirisha lina mandhari mpya. Kwa hakika wapo wanawake wanaosema hivyo wenyewe, na tusiwakanushe. Hata hivyo gia boksi ikifa, uhuru huo huishia karakana, na hakuna ubanaji wa mafuta unaoweza kulipia dola elfu kadhaa za fundi. Wapo pia wanaosema haraka kwamba wale ni watu waliowatupa wazazi wao. Hilo ni neno zito kumtamkia mtu usiyeijua nyumba yake. Binti ya Linda May hakumfungia mama yake mlango. Nafasi ndiyo iliyokuwa haba. Na wapo akina mama wanaochagua jangwa ili tu wasiwe mzigo kwa watoto ambao nao wanahangaika na kodi.

Kilicho cha haki kukisema ni kwamba werevu wa wanawake hawa unastahili heshima, na kwamba haikuwapasa kuuhitaji kiasi hicho wakiwa na umri huo. Walioandika hesabu ya maisha yao waliacha kurasa nyingi bila kuandikwa, na sasa wao wanazijaza kwa lita.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu, swali linalobaki ni la nyumbani na lajibika kwa kalamu na karatasi. Mama aliyelea na kuuguza kwa miaka 30, ana nini kilichoandikwa kwa jina lake? Je, kiwanja kina jina la nani? Je, ana akiba anayoweza kuigusa bila ya kumwomba mtu ruhusa? Akibaki peke yake kesho, atalala wapi, na ni nani amekwisha kuafikiana na nani juu ya hilo? Mazungumzo haya ni mepesi zaidi yakifanyika mama angali na nguvu zake na watoto wakiwa wamekaa pamoja, kuliko yakisubiri msiba.