TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: ORODHA HIYO HAITASOMWA KATIKA MKUTANO WETU

Ndugu wanachama, viongozi wa mashina, wazee wetu, akina mama na vijana,



Tangu wiki iliyopita inazunguka kwenye simu zetu sauti ya dakika nne. Msemaji hajitaji jina. Anasema mashamba yetu yamejaa "wageni", kwamba hao ndio wanaomaliza mikopo ya vijana na kuharibu bei ya kahawa, kwamba anayewatetea ni msaliti, na kwamba "mwaka huu tutasafisha". Nyuma ya sauti hiyo imefuata karatasi iliyopigwa picha: kaya 31, jina la mkuu wa kaya, kitongoji, ukubwa wa shamba na idadi ya ng'ombe. Imependekezwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa tawi siku ya Jumamosi, "ili wanachama wajue".

Kamati ya Utendaji ya Tawi ilikaa jana jioni. Jibu letu ni fupi: *haitasomwa.* Sababu ni ndefu kidogo. Tunaomba kila mmoja asome mpaka mwisho kabla hajatuma sauti nyingine.

*KWA NINI SAUTI ILE INAINGIA MASIKIONI*

Tusidanganyane kwamba wanaoisikiliza ni wajinga. Sauti ile inaanza na mambo ya kweli. Ardhi imebana. Kijana wa miaka 25 hana hata nusu eka ya kuita yake. Mkulima anapeleka kahawa chama cha msingi, kisha anasubiri malipo huku ada za shule hazisubiri. Haya kila mtu hapa anayajua.

Tatizo linaanza pale msemaji anapotaja mdaiwa. Kwa lugha ya vitabu vya hesabu, deni ni la kweli lakini limeandikwa kwenye akaunti ya mtu asiyehusika. Mzee wa kitongoji cha tatu mwenye migomba na ng'ombe wanne hapangi bei ya kahawa. Mikopo nayo ina utaratibu wake wa kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kama vijana wa kata yetu hawakupata, iko orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, nayo iko halmashauri. Hiyo ndiyo orodha ya kudai, na tutaidai pamoja.

Kuna jambo jingine tuliloliona kwenye karatasi ile. Mtu anayesema ana wasiwasi na uraia wa jirani yake, kwa nini ahesabu ng'ombe wa jirani huyo? Kwa nini apime shamba? Kila mwanachama ajibu mwenyewe.

Na iko sababu ya tatu, inayowagusa zaidi vijana. Kijana asiye na kazi hupewa kazi ya kupanga viti. Kwa watu wa sauti ile anaitwa kamanda. Anapewa cheo, anapewa adui, anaambiwa nchi inamtegemea yeye. Cheo hicho hakina mshahara na hakina kesho, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuitwa chochote, ni kitamu. Wanaogawa vyeo hivyo wanalijua hilo.

*SISI WA NGARA TUNA USHAHIDI MLANGONI*

Watu wa mikoa mingine wanaweza kusema haya ni mambo ya kusikia. Sisi hatuwezi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu ndani ya muda wa kama siku moja, na Benaco ikawa mji wa maturubai. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo waliokimbia walichokifanya. Wazee wetu waliona Mto Kagera ulichobeba mwaka ule. Hatuna haja ya kuwaeleza.

Lakini tukumbuke yalianzaje. Interahamwe hawakutoka msituni. Walikuwa vijana wa chama, jumuiya ya vijana ya MRND, chama kilichokuwa kikitawala, wakiwa na nyimbo, sare na mikutano. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, nayo ilipendwa kwa muziki mzuri na vichekesho. Katikati ya vichekesho wakaingiza neno "mende", na wanaoitwa mende walikuwa majirani. Kufikia Julai 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi walikuwa wameuawa, katika siku zipatazo 100.

Kuna mtu mmoja ambaye kila kiongozi wa tawi anapaswa kumjua. Anaitwa Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa elimu. Alikuwa kiongozi wa chama katika komyuni ya Taba, na chama chenyewe kilikuwa cha upinzani, MDR. Mwaka 1993 akawa mkuu wa komyuni. Watu walimheshimu.

Mauaji yalipoanza Aprili 1994, Akayesu aliyazuia kwa siku kadhaa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa hapa kwetu Arusha, ilikubali hivyo. Tarehe 18 Aprili akahudhuria kikao cha wakubwa kule Murambi, Gitarama. Kesho yake alfajiri, tarehe 19, alisimama mbele ya watu zaidi ya mia moja mahali panapoitwa Gishyeshye, akawataka waungane kummaliza adui. Mahakama ilikuta kwamba Interahamwe walimpa karatasi zenye orodha ya majina, wakamwomba asome, *naye akasoma*.

Ndugu wanachama, hakushika panga asubuhi ile. Alisoma karatasi mkutanoni. Wengine walifanya yaliyobaki, na mahakama ilikuta kwamba katika Taba waliuawa Watutsi wasiopungua 2,000 kufikia mwisho wa Juni. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Akafungwa maisha.

Sasa mtuelewe kwa nini hatutaisoma karatasi yenu Jumamosi. Orodha ikiwa mfukoni mwa mtu ni chuki yake binafsi. Ikisomwa na kiongozi mbele ya wanachama, inakuwa agizo, hata kama msomaji hakuongeza neno lolote.

*WALIOKATAA*

Watasema, "Mtu mdogo angefanya nini?" Mifano ipo. Katika Rwanda ileile, mwaka uleule, komyuni ya Giti haikuingia kwenye mauaji. Kiongozi wake, Edouard Sebushumba, alikuwa na cheo kilekile cha Akayesu. Yeye alikataa.

Na wapo wasiokuwa na cheo chochote. Novemba 2014, karibu na Mandera nchini Kenya, al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, wakasimamisha basi jingine katika kaunti hiyohiyo, wakatoa amri ileile: Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu hawakusogea. Kina mama waliwapa Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa. Waliwaambia wale wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Waliobaki ndani ya basi walifika nyumbani.

Abiria wale hawakuwa na silaha wala itikadi. Walijua jambo moja tu: muuaji anahitaji watu wajipange kwenye mistari, na wasipojipanga kazi yake inakuwa ngumu. Sisi tunaombwa tujipange mapema zaidi, tena bila bunduki kichwani. Tukishindwa kukataa leo, kwenye ukumbi wenye viti na chai, siku ya bunduki tutakataa na nini?

*KWA WANAOTUITA WASALITI*

Tumeshasikia kwamba katibu na kamati "wamenunuliwa na wageni". Tunajibu hivi.

Anayetilia shaka uraia wa mtu, Ofisi ya Uhamiaji ipo wilayani na mlango uko wazi. Anayedai amenyang'anywa shamba, serikali ya kijiji na mabaraza ya ardhi yapo. Tawi la chama halina mamlaka ya kumpa mtu uraia wala kumvua. Katiba ya nchi, Ibara ya 20, inakataza kusajiliwa chama chenye nia ya kupigania kabila, dini au eneo moja. Chama chetu kina wanachama wa kila kabila na kila dhehebu. Na nani kati yetu hana shangazi, shemeji au bibi aliyetoka ng'ambo ya mto? Tukianza kufuta majina kwa kigezo hicho, daftari la wanachama litabaki na jalada tu.

Na wanaosema "sisi si Rwanda", tunakubali. Sisi si Rwanda kwa sababu kila mara kuna watu walioziba ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

*MAAMUZI YA KAMATI*

1. Karatasi ile haitasomwa, haitabandikwa na haitajadiliwa majina katika kikao chochote cha tawi wala shina. Nakala tuliyonayo imekabidhiwa kwa mtendaji wa kijiji na polisi kata pamoja na sauti yenyewe.

2. Mwanachama atakayeisambaza tena katika kundi la tawi ataondolewa kundini na kuitwa kwenye Kamati ya Maadili. Hatutaangalia cheo wala mchango wake.

3. Mabalozi watatembelea kaya zote 31 kabla ya Jumamosi, wawili wawili, mchana, kwa salamu. Waende na wake zao au waume zao. Watu wale wamesikia sauti ile kama sisi, na usiku hawalali.

4. Ajenda ya Jumamosi itakuwa ardhi, malipo ya kahawa na mikopo ya vijana. Tutaandika barua ya tawi kwa halmashauri kudai orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, na vijana ndio watakaoipeleka.

5. Kijana yeyote aliyeshiriki kuandika karatasi ile anakaribishwa mkutanoni. Aje na malalamiko yake, akae mbele, azungumze. Karatasi aiache.

Mkutano utaanza saa nne kamili asubuhi, ukumbi wa kawaida. Wenye majina kwenye karatasi ile ambao ni wanachama wetu, nao ni tisa, viti vyao vipo kama siku zote.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi

_Tafadhali tuma taarifa hii kwenye makundi yote ya mashina kama ilivyo, bila kupunguza._