Uhuru wa Mtu na Lugha ya Mashinani: Mtazamo kutoka Siakago

Kwa miaka mingi, mwananchi wa Siakago aliyetaka kuisikia serikali alikwenda katika baraza la chifu. Alikwenda kusikiliza, si kusema. Sheria ya Mamlaka ya Machifu, yenye asili yake katika sheria ya kikoloni ya 1912, ilimruhusu chifu kuwaamuru wanakijiji wafanye kazi za umma na kudhibiti mienendo yao. Mamlaka hayo hayakupunguzwa hadi mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Aidha, aliyetaka kuitisha mkutano wake mwenyewe alihitaji leseni. Katika mazingira hayo, wanaharakati wa mashinani walijaribu kueneza wazo moja zito: kwamba mwili, dhamiri, kauli na shamba la mtu ni vyake kabla dola haijavigusa.

Wazo hilo lina mkosi wa kilugha. Falsafa ya Kimagharibi inayolitetea humweka mtu binafsi katikati ya kila jambo. Lakini ukiongeza kiambishi u- kwenye neno binafsi, unapata ubinafsi, na ubinafsi katika Kiswahili ni aibu. Mwanaharakati atokaye kwenye warsha ya Nairobi akawahubiria wazee wa Mbeere haki za mtu binafsi, huenda wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakajiuliza ni nani aliyemlea. Utawala wa Moi uliutumia vyema mwanya huo. Falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja ilimgeuza kila mpinzani kuwa mbinafsi na adui wa wenzake.

Aliyelikwepa tego hilo alikuwa mhubiri. Askofu David Gitari aliiongoza kuanzia 1975 Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki ya Kanisa la Kianglikana, iliyojumuisha Embu na Mbeere. Hakuwa mfuasi wa falsafa yoyote ya uhuria, na wapo watakaosema si haki kumtaja hapa. Hata hivyo, mimbari ilikuwa mojawapo ya majukwaa machache yasiyohitaji leseni, naye aliitumia kufafanua visa vya Danieli na Nabothi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, naye Nabothi akakataa kuliuza. Sababu yake ndiyo kiini cha jambo hili. Hakudai kwamba mali ni yake na afanye apendavyo. Alidai kwamba ni urithi wa baba zake. Wambeere hawakuhitaji kamusi kuielewa hoja hiyo. Upimaji wa ardhi ulipofanywa kwao katika miaka ya 1970, koo zilishtakiana kwa miaka mingi juu ya urithi wa aina hiyohiyo.

Uchaguzi wa 1988 ulilipa wazo hilo sura nyingine. Katika mchujo wa KANU wapigakura walipanga foleni hadharani nyuma ya wawakilishi wa wagombea, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Wananchi waliuita mlolongo. Neno hilo lilitosha kuwa uchambuzi kamili, kwani kila mtu alikuwa ameona mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu. Gitari aliupinga utaratibu huo waziwazi, na Aprili 1989 genge liliivamia nyumba yake usiku. Mlolongo ulifutwa Desemba 1990, na mwaka mmoja baadaye mfumo wa chama kimoja nao ukaondolewa katika katiba.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wake wa pwani. Waraka wa Abdilatif Abdalla wa 1968, *Kenya: Twendapi?*, uliomtia gerezani kwa miaka mitatu, haukubeba istilahi ngeni hata katika anwani. Ulimwuliza msafiri swali analojiuliza mwenyewe njiani.

Kwa hiyo, ni kosa kudai kwamba uhuru wa mtu ni bidhaa ya kigeni isiyo na jina kwetu. Kiswahili kina neno mwungwana: asiye mtumwa, na papo hapo mtu mwenye adabu kwa wenzake. (Naam, uungwana wa kale ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na hilo lisifichwe.) Katika Kikuyu, jirani wa Kimbeere, wapigania uhuru walidai ithaka na wĩyathi, yaani ardhi na kujitawala, vikiwa vimefungamana.

Jambo hili si la kihistoria tu. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, katika kaunti hiyohiyo ya Embu, walifariki baada ya kukamatwa na polisi kwa madai ya kukiuka kafyu. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini wa 27 Novemba 2025, vigogo wa serikali walifika na ahadi za barabara na umeme, kana kwamba hizo ni zawadi kutoka mifukoni mwao. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, ilhali Sheria ya Utulivu wa Umma ingali inadai polisi waarifiwe siku tatu hadi kumi na nne kabla. Idara zetu za Kiswahili hutoa wahitimu wa tafsiri kila mwaka. Ni wangapi kati yao wamewahi kuketi na wazee wa Siakago, wakakisoma kifungu hicho pamoja nao, na kuandika maneno ambayo wazee wenyewe wangeyachagua?